Fundi Mkuu na Kichunguzi Kisicho na Siri

Miaka thelathini na moja, jamani! Tarehe thelathini mwezi huu Fundi Mkuu wetu anastaafu, anaiacha karakana ya mita za maji za kielektroniki, na meza yake tumeshaanza kuigombania.

Alianza kwa kulehemu nyaya akapanda mpaka ukuu. Kabla ya kushika chipu lazima aguse bomba, atoe umeme wa mwilini usije ukaiunguza. Hata mkwewe alipokuja kumsalimia aliambiwa, "Gusa bomba kwanza, mwanangu."

Mwaka jana ikawa patashika. Mita ikigoma inafunga maji, na sisi tuna kichunguzi, kidude cha kuiunganisha na kompyuta tuone programu imekwama wapi. Basi kikafa! Kimefungwa kwa gundi, mchoro wake siri, na kampuni yake ilishafungwa. Mita mia nne zimelala, watu wanapiga simu wana sabuni kichwani.

Fundi Mkuu akasema atatengeneza chetu. Kazi ikawa kuchagua aina ya chipu ya kukiendesha. Ya kwanza polepole: unakunywa chai, unasuuza kikombe, bado inasoma mita ileile. Ya pili mbio kama kichaa, ila maelezo yake siri tupu. Ya tatu ina kasi na maelezo yake yako wazi, ila vimiguu vyake vyembamba kama unywele, na macho ya mzee yameshachoka.

"Mzee wangu, chukua ya pili tumalize," bosi akamsihi.

"Halafu nikishaondoka mtaniita nije na mkongojo?"

Akachukua aina ya tatu. Chipu tano za kwanza akaziunguza akizilehemu. Ya sita akaipigia chafya ikapotea. Ofisi nzima tukatambaa sakafuni, bosi na tai yake, kumbe imenasa kwenye ndevu za mwenyewe! Ya saba ikakubali. Wiki mbili, mita zote zikafufuka, na mchoro akaubandika ukutani kila mtu ausome.

Juzi kichunguzi kikagoma. Mzee akatia mikono mfukoni, hasogei ng'o. Dada wa mapokezi akabandua mchoro, akafuatisha kwa kidole, akakuta waya umeachia, akaulehemu. Kikawaka! Mzee akageukia dirishani, eti anaangalia mvua. Mvua yenyewe haikuwepo.

Asante sana, baba. Nenda kapumzike, ulale mpaka jua likuchome, Mungu akupe afya na miaka mingi. Simu ya kazi hatukupigii. Tutakuja kukusalimia tu.