Rosaline Nabwile na Picha Isiyo na Maneno

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Rosaline Nabwile anastaafu kama mhariri wa mtandaoni wa gazeti letu. Alianzia Bungoma akiripoti habari za mahakama, akahamishiwa Kitale tulipofungua tovuti. Tulimcheka alivyotaipu kwa vidole viwili. Hakukasirika, alitushinda kwa kasi.

Miaka ya karibuni haikumhurumia. Mtandao mmoja wa kijamii uliacha ghafla kuonyesha vichwa vya habari kwenye linki, ikabaki picha tupu. Siku hiyo Rosaline alikuwa amechapisha habari njema: daraja la barabara ya Cheptais limetengenezwa, magari yapite. Picha ilikuwa ya zamani, daraja likiwa limebomoka. Wakulima wakaona picha tu. Siku ya soko Chwele, wengi hawakushuka na mazao yao kutoka mlimani.

Chepkosgei, mkulima wa nyanya wa Cheptais, alipiga simu ofisini akilia. "Si mlituonyesha daraja limeanguka? Nyanya zangu zimeoza zote!"

"Mama, tuliandika kwamba limefunguliwa," Rosaline alimjibu, kisha akaifungua ile picha. "Lakini hukuonyeshwa. Pole sana. Nakuja."

Alipanda hadi Cheptais, akaziona nyanya, akaomba radhi mbele ya majirani. Tangu hapo hakuna picha iliyotoka kwake bila maneno makubwa juu yake. Picha za zamani alizipiga marufuku.

Kisha mtandao ule ukaanza kuzificha linki zenyewe. Rosaline akawa anaandika habari yote palepale mtandaoni, msomaji asihitaji kubonyeza popote. Meneja wetu, Wangila, alimwonya kwamba tovuti itakosa wageni na matangazo yatatukimbia.

"Afadhali watu wajue," alisema.

Watu wakajua. Wageni wakapungua kweli, matangazo yakaenda, na ofisi ya Bungoma ikafungwa. Hadi leo hatujui kama kulikuwa na njia nyingine. Nafasi ya Rosaline nayo haitajazwa.

Wiki iliyopita mtandao ule ulibadilisha tena jinsi linki zinavyoonekana. Rosaline alivuta kiti, akaanza kujifunza upya kama mtu asiyeondoka.

Asante, dada yetu. Tunakuombea miaka ya utulivu huko nyumbani kijijini Kwanza, na majirani wa kukuletea habari kwa mdomo wao wenyewe.