Sella Nelima, Aliyeachisha Watoto Ziwa Hapa Soweto West

Waombolezaji wenzangu, naitwa Boaz, kifungua mimba wa marehemu, na kamati ya mazishi imeniomba nisome historia hii bila kuchokoza mtu, lakini nitaisoma jinsi mama mwenyewe alivyotaka.

Mama yetu Sella Nelima alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 kule Webuye, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka wa 1981 akaolewa na marehemu baba yetu Walubengo, seremala wa hapa Kibera, wakajaliwa mimi na Immaculate.

Kazi yake mnaijua, maana wengi wenu mlimletea watoto wa kuachishwa ziwa, na hakuwahi kumpakia mtu pilipili wala shubiri kwenye titi, alisema mtoto akitishwa ataanza kuogopa mamake, kwa hivyo alimzoesha uji wa wimbi polepole mpaka ziwa akalisahau mwenyewe.

Mwezi wa Machi 2006, Christine, aliyekuwa akifulia watu nguo Kawangware, alimleta binti yake Valary akae wiki moja tu, akaenda zake na hakurudi, nasi tukamlea Valary akawa dada yetu, na leo anasomea ualimu wa Kiingereza. Ndiye aliyemweleza mama kwamba neno "wean", wanalotumia Waingereza kwa kuachisha ziwa, hapo kale lilimaanisha kuzoesha, mama akacheka, akasema, "Kwani mimi nimekuwa nikifanya nini hapa miaka yote?"

Kansa ya koo ilipomshika mwaka jana, alimtafuta Christine bila kutuambia, akamwomba awe akija kila Jumapili akae na Valary, ili wawili hao wazoeane mama mwenyewe angali hai, na Christine alikuja, ingawa Valary alimpa mgongo na sisi tulinuna waziwazi. Mama aliaga dunia tarehe 9 mwezi huu.

Najua akina mama wa chama chake cha akiba mmeapa kwamba Christine akisogelea jeneza mtatoka, na uchungu huo ninao pia, ninao sana, lakini mama aliniagiza nimtaje hapa kuwa mzazi wa Valary, na nimemtaja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Soweto West na Ayany, na wenzake wa sokoni. Christine, toka huko nyuma uje mbele, kwa maana naona Valary amesogea kwenye benchi, amekuachia nafasi.

Mama, lala salama.