Bi Tokuhisa na Kidole Kisichokuwa Chake

Tarehe 31 Machi, saa kumi na moja jioni, Bi Tokuhisa Kinue atakabidhi ufunguo wa chumba cha giza cha Nyumba ya Picha Aotake, hapa Matsumoto, baada ya kuutunza kwa miaka thelathini na minane. Hajawahi kuupoteza. Mara moja tu aliusahau kwenye mfuko wa aproni, aproni ikafuliwa, na ufunguo ukatoka msafi kuliko sisi sote.

Wenzangu wamenipa mimi, Nishimori, kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Kwa kawaida hakuna kinachochapwa hapa bila Bi Tokuhisa kukisoma kwanza, kalamu nyekundu mkononi. Safari hii tumemficha. Kuna jambo nimelinyamazia miaka kumi na tisa, nalo lazima lisemwe kabla hajaondoka, hata kama litanigharimu mteja ninayemheshimu kuliko wote.

Alianza kazi kaunta. Baada ya miaka miwili, fundi wa chumba cha giza aliumwa mgongo, Bi Tokuhisa akaingia kumshikia kwa wiki moja, na hakutoka tena. Maduka mengine ya mjini yalipouza mitambo yao na kuachana na filamu, yeye alimwambia mwenye duka kwamba filamu pana hawaiachi, kisha akafungua darasa la Jumamosi kwa wanaoanza. Zaidi ya watu mia tatu wameshapita humo.

Filamu pana, kwa asiyewahi kuishika, ina upana wa vidole vitatu na ushei. Imeviringwa pamoja na karatasi nyeusi inayoikinga na mwanga, na katika kamera zetu za mraba inatoa picha kumi na mbili tu. Bi Tokuhisa aliwafundisha kuoanisha mshale wa kwenye karatasi na alama ya kwenye kamera kabla ya kufunga mgongo wake. Aliwafundisha kuinamia kioo cha juu, ambako kulia huonekana kushoto, na watu wazima wakazunguka uani wakimkosa paka aliyelala. Picha zikiisha, walilamba utepe wa karatasi na kuibana roli isilegee. Aliyebonyeza ovyo aliulizwa, "Mbona una haraka, bwana, mlima unakimbia?"

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Bwana Obata, mtunza shule wa kijiji cha Kamisawa. Machi ile, miaka kumi na tisa iliyopita, shule yake ilikuwa inafungwa ikiwa na watoto sita. Aliwapiga picha siku ya mwisho, kwa kamera aliyoinunua ikiwa imeshatumika, na hiyo ndiyo ilikuwa roli yake ya kwanza maishani. Siku aliyotuletea, mafundi walikuwa tayari wameng'oa paa la shule. Alikataa kuiacha na kuondoka. Aliketi kwenye kiti cha kaunta, kofia magotini, akasema atasubiri.

Mimi nilikuwa na miezi mitano tu hapa, mtu mzima wa miaka thelathini na minne niliyeacha ofisi ya bima. Filamu nyembamba nilikuwa nimeizoea. Kwa filamu pana, Bi Tokuhisa alinipa roli zilizoharibika nijizoeze gizani, na sharti lake lilikuwa moja: nimalize hamsini kabla sijagusa ya mteja. Nilikuwa nimemaliza kumi na moja. Asubuhi hiyo aliitwa mbele kukagua kamera ya mtu, nikaiona roli ya Bwana Obata kwenye sinia, nikajitia fundi. Niliingia nayo, nikafunga mlango, nikazima taa.

Kazi yenyewe unaifanya kwa vidole. Unafungua roli, unaitenga filamu na karatasi, filamu unaivingirisha kwenye kigurudumu chenye mifereji na kukifunga ndani ya kopo lisilopitisha mwanga. Karatasi unaitupa. Nilivitenga vizuri, nikaviweka vyote viwili mezani nifute jasho, kisha nikaokota kimoja. Kiliingia kwenye kigurudumu kwa shida, lakini kiliingia. Nikafunga kopo. Kile kingine nikakitupa kwenye pipa na kunyoosha mkono kwenye swichi.

"Nishimori." Sauti ya Bi Tokuhisa ilitoka nje ya mlango, chini kabisa. "Umetupa nini?"

"Karatasi."

"Karatasi ikianguka hailii hivyo. Usiwashe taa."

Kidole changu kilikuwa kimeshaigusa swichi. Nilikiondoa kana kwamba inaunguza. Nilichokuwa nimekifungia kwenye kopo kwa uangalifu wote ule kilikuwa karatasi. Watoto sita wa Kamisawa walikuwa kwenye pipa la taka.

Asingeweza kuingia, kwa kuwa mlango ule ukifunguka mwanga unaingia. Alisimama pale pale na kuniongoza kwa maneno.

"Pipani kuna nini kingine?"

"Karatasi za asubuhi. Na kitambaa nilichofutia dawa."

Kitambaa kile kikiigusa filamu, picha zimekwisha, na sote wawili tulilijua hilo.

"Umekitupa upande gani?"

"Sikumbuki."

"Basi usikoroge. Futa mikono kwenye suruali, yote miwili. Shusha mmoja tu, polepole. Kitakacholegea kiache. Kitakachojikunja kushindana nawe, ndicho chenyewe. Shika kingo."

Kutoka mbele nilimsikia Bwana Obata akiuliza, "Hivi huwa inachukua muda gani, mama?"

"Muda wake," alijibu Bi Tokuhisa kwa sauti ya uchangamfu ambayo hakuwa nayo sekunde moja kabla. "Chai ipo hapo, jiongezee." Kisha kwangu, kwa ile ya chini: "Mkono umeshafika chini?"

"Ndiyo."

"Uache humo humo utulie. Pumua. Sina haraka na wewe huna."

Nilibaki nimeinama, mkono pipani. Kisha kitu kikajikunja dhidi ya kiganja changu. Nilikitoa, nikafungua kopo, nikachomoa karatasi, nikaanza upya, naye akinisikiliza kila mzunguko. Dakika arobaini zilipita kabla hajaniruhusu kuwasha taa, na hata hapo alitaka nimtajie kwanza nilicho nacho mkononi.

"Karatasi ninayo mkononi," nilisema.

Picha zote kumi na mbili zilitoka. Ya tano, watoto sita wamesimama kwenye ngazi za shule, na kando ya mtoto wa mwisho kuna alama nyeusi ya kidole gumba chenye jasho. Haifutiki.

Nilikuwa najikaza niende kumwambia mteja, Bi Tokuhisa akanitangulia. Aliinama mbele ya Bwana Obata mpaka nikaona kisogo chake, akasema, "Kidole ni changu. Nimekosea." Bwana Obata aliitazama picha, akasema, "Basi mama umeingia darasani. Wewe ndiye mwanafunzi wa saba." Jina hilo analo hadi leo.

Nilimfuata nyuma ya pazia nikamwambia nataka kusema ukweli. "Akijua, hatakuachia filamu tena," alisema. "Subiri aizoee mikono yako." Nimesafisha roli zote za Bwana Obata tangu siku hiyo, mia mbili na zaidi, naye hudhani ni kazi ya Bi Tokuhisa. Kila Novemba humletea mwanafunzi wa saba sanduku la matufaha. Bi Tokuhisa hulibeba hadi mezani kwangu na kusema, "Yako haya." Sijawahi kula tufaha bila aibu.

Wote tuliojifunza hapa tunajua kwamba karatasi haitupwi gizani. Inashikwa, na unatamka kwamba unayo, ndipo taa iwashwe. Wengi wetu tulidhani ni mwiko wake tu. Sasa mnajua ulikotoka.

Bwana Obata, ukifika hapa kwenye kijitabu, mimi niko mlangoni napokea makoti. Mwanafunzi wa saba ni mimi. Njoo uniambie lolote utakalo, na roli yako ijayo mpe umtakaye.

Bi Tokuhisa, asante kwa sikio lako, na kwa kuinama siku ile mahali pangu. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na asubuhi zenye jua. Kuanzia kesho washa taa wakati wowote upendao. Karatasi ninayo mkononi.