Ferista Msukwa na Zoni Isiyokuwa na Hema

Ferista Msukwa, tunayemlaza leo Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025 hapa Ibaba, alizaliwa hapa hapa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Nathanaeli Msukwa na Mama Nesta. Kati ya watoto wanne, wawili walifariki wakiwa wachanga, wakabaki yeye na mdogo wake Shadrack, anayesoma wasifu huu. Shadrack alikuwa na miaka sita dada yake alipoondoka nyumbani kwenda sekondari, na mengi yaliyoandikwa hapa aliyajua ukubwani, tena kwa simu.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988. Akiwa darasa la sita, wazazi wa wanafunzi walikuwa wanajenga darasa jipya. Ferista alichukua kamba ya katani, akapima kutoka kona hadi kona, kisha akamwambia fundi, Mzee Jairo, kwamba chumba kimekaa upande. Mzee Jairo alimfukuza. Kesho yake jioni alifika nyumbani, akasimama mlangoni na kusema, "Mzee Msukwa, huyu binti yako amenibomolesha ukuta." Baba alidhani ni mashtaka, akaanza kuomba radhi. Kumbe fundi alikuwa amekuja kumwomba binti awe anamshikia kamba kila akitoka shule. Baadaye Ferista alisoma sekondari Mbeya, na mwaka 1993 alijiunga na Chuo cha Ufundi Mbeya, akahitimu mwaka 1996 kama fundi sanifu wa majengo. Darasani kwao wasichana walikuwa wawili.

Kuanzia mwaka 1997 aliajiriwa katika halmashauri, akisimamia ujenzi wa madarasa na zahanati. Alifika hadi Ndalambo kwa pikipiki, akiwa na futikamba begani na pima maji ameifunga kwenye keria.

Tarehe 7 Julai 2001 alifunga ndoa na Timotheo Sichone, wakala wa forodha mpakani Tunduma, wakaishi Chapwa, huko huko Tunduma. Timotheo alikuwa mtu wa watu. Aliongea Kibemba na madereva kana kwamba alizaliwa ng'ambo, na nyumba yao haikukosa wageni. Hawakujaliwa kupata mtoto. Waliombewa, walitibiwa, mwisho wakanyamaza. Tarehe 2 Februari 2013 Timotheo alifariki kwa ajali ya gari akitokea Mbeya. Matanga yalipoisha, wageni nao waliisha. Ferista alimwambia mdogo wake, "Redio naiwasha asubuhi ili kuwe na mtu anaongea humu ndani."

Mwezi Juni 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wakiingia kwa maelfu, alipata kazi ya mratibu wa makazi katika kambi moja mkoani Kigoma. Sisi nyumbani hatukuielewa kazi hiyo. Mama alimuuliza kwenye simu, "Sasa huko wewe unajenga nini?" Akajibu, "Sijengi, mama. Nawaambia wanaojenga mahali ambapo hakuna aliyejenga."

Mashirika yanayotoa mahema yalikuwa sita, na kila moja lilikuwa na orodha yake. Ferista hakuwa na hema hata moja wala lori. Alikuwa na kikao cha kila Jumatano, ambacho yeye ndiye aliyekiendesha, na miguu yake. Kwa miguu hiyo, mapema Novemba, aliifikia zoni moja ya pembeni yenye kaya mia mbili na kumi na mbili. Kwenye karatasi za mashirika mawili, kaya hizo zilikuwa zimekwisha kupewa mahema. Ukweli ni kwamba kila shirika lilidhani mwenzake ndiye aliyepeleka. Alikuta watu wamelala chini ya nyasi na vipande vya turubai. Bibi mmoja, Spesiosa, aliyekuwa na wajukuu watatu, alimwambia kwa Kiswahili chake cha Kirundi, "Mama, kila anayekuja anaandika, halafu anakwenda."

Jumatano tarehe 11 Novemba alilipeleka jambo hilo kikaoni. Hakuna aliyetaka kukubali kosa. Malori yalikuwa tayari kupeleka mahema kwenye zoni nyingine, ambayo Ferista alijua imekwisha kupata. Akasimama, akasema, "Naomba mgao wote usimame siku mbili. Tuhesabu kaya kwa pamoja, tutoke na orodha moja. La sivyo tutaendelea kuwafunika waliofunikwa." Walibishana hadi saa nane mchana, wakakubali.

Alhamisi jioni ilinyesha mvua kubwa. Ijumaa, Ferista akiwa katika kuhesabu, aliwakuta watu wamekusanyika penye turubai la Bibi Spesiosa. Mjukuu wake mdogo, Ineza, mwenye miezi minane, alikuwa na kifua tangu mwanzo wa juma. Alikuwa amefariki alfajiri ile.

Hesabu ilikamilika, mashirika sita yakaanza kutumia orodha moja, na ndani ya siku kumi na moja kaya zote mia mbili na kumi na mbili zilikuwa na mahema. Hakuna aliyemlaumu. Wakubwa wake walimwandikia barua ya pongezi, ambayo tumeikuta ndani ya Biblia yake, haina mkunjo wa kusomwa mara ya pili. Mwaka 2018 ndipo alipomweleza mdogo wake habari za Ineza. Alisema, "Hema moja tu, Shadrack. Ningeomba lile lori lishushe hema moja kwanza, ndipo tuhesabu. Haikunijia." Shadrack alimwambia kwamba mtoto alikuwa mgonjwa tayari. Akajibu, "Najua," kisha akauliza kama mahindi ya Ibaba yamekomaa.

Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa Bibi Spesiosa. Mara ya kwanza alianza kueleza na kuomba msamaha. Bibi alimsikiliza, akamsogezea kigoda. "Kaa," alisema. Waliendelea hivyo karibu miaka minne, wakichambua maharage bila maneno mengi, hadi bibi na wajukuu wawili waliobaki walipopanda basi kurudi kwao. Ferista hakuwahi kujua kama alisamehewa. Alisema hivyo mwenyewe, bila kulalamika.

Mwezi Aprili 2021 fedha za mradi zilipungua na mkataba wake ukaisha. Alirudi Chapwa. Tulimwita Ibaba mara kwa mara; akasema atakuja mvua zikipungua, kisha atakuja baada ya mavuno. Sisi nasi tulisema tutakwenda Tunduma.

Mwezi Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kizazi. Hakumwambia mtu. Alisafiri peke yake kwenda kwenye matibabu, akirudi na basi la mchana. Aliyegundua ni jirani yake, Bi Zakia, muuza vitenge, aliyemkuta kituoni amekaa juu ya begi hawezi kunyanyuka. Bi Zakia alimuuliza, "Dada, ndugu zako wanajua?" Akamjibu, "Wana shughuli zao." Kuanzia siku hiyo Bi Zakia alifunga kibanda chake kila siku ya matibabu na kusafiri naye. Alitupigia simu Mei mwaka huu, baada ya kukatazwa mara nyingi. Shadrack alipofika Chapwa, dada yake alimwambia, "Umenenepa." Kisha wakalia wote wawili.

Hali ilibadilika mwishoni mwa Agosti. Jumanne tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, Shadrack akiwa duka la dawa na Bi Zakia akiwa nje anaanua nguo, Ferista alifariki akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Dirisha lilikuwa wazi na malori yalikuwa yanapita. Hatukuwa chumbani. Tulikuwa tumetoka kwa dakika chache tu.

Ameacha mama, Nesta Msukwa. Mdogo mmoja, Shadrack, na wifi yake, Judith. Watoto wanne wa mdogo wake, ambao wawili kati yao wamemwona leo kwa mara ya kwanza. Na shemeji zake wa ukoo wa Sichone. Ameacha pia Bi Zakia wa Chapwa, ambaye familia imeomba aandikwe hapa kama dada, na leo amekaa mstari wa mbele pamoja nasi.

Bwana ampokee Ferista. Apumzike kwa amani, nyumbani kwao, akiwa na watu wake.