Kitasa Kipya cha Mama Torbjørg

Benchi letu linatazamana na mlango wa Mama Torbjørg, juu kidogo ya bandari ya Bergen, na kahawa yetu hutoka jikoni kwake. Chupa ikikauka, yeyote kati yetu husukuma mlango, akamsalimu bibi, akajaza, akatoka. Mlango ule haukuwa na kitasa. Juzi mtalii wa meli akadhani ni makumbusho, akaingia mpaka chumbani, akampiga picha bibi wa watu amelala. Jana bibi akaweka kitasa. Leo tumekaa na chupa nusu, mvua inatunyeshea, na hasira zimetupanda.

Reidar, tunayemwita Nanga kwa sababu akikaa hang'oki, ndiye aliyeanza.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wa meli wanashuka asubuhi, jioni wameondoka. Jembe utawapa saa ngapi?

Oddny, au Bi Mwavuli, akasema hata andazi la mdalasini hawanunui. Wanashiba melini, kwetu wanakuja kutafuta choo.

— Na picha zote hizo wanapeleka wapi? alidakia Nanga. Wanatusoma hao. Siku moja watashusha watu wanaofanana na sisi, wakae benchi hili, sisi tufukuzwe.

Mimi nikaongeza kwamba hata mvua imezidi tangu meli zikue, maana zinasukuma mawingu. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumeamini.

Ndani, paka wa bibi alikuwa akilia na kukwaruza mlango. Bi Mwavuli akasema bibi naye kazidi kununa, mpaka saa hizi hajafungua pazia, anatuadhibu sisi kwa kosa la mgeni.

— Mwache anune, alisema Nanga. Aliyefunga ndiye atakayefungua.

Akaikung'uta chupa. Halikutoka hata tone.

Hapo akaja mwanamke mmoja, koti la mvua la njano, la watalii wa meli. Akasimama mlangoni kwa bibi, akasikiliza, akagonga, akagonga tena. Nanga akamfokea kwamba pale si makumbusho.

— Najua, alisema, kwa maneno ya kuokoteza. Paka analia ndani tangu nilipopita asubuhi. Ufunguo mwingine anao nani?

Hakuna kati yetu aliyekuwa nao. Miaka yote ile, nani alikuwa na haja ya ufunguo?

Nanga akang'oka. Akavuka barabara bila kofia, akaanza kuupiga mlango kwa bega, akimwita bibi kwa jina.