Mwalimu Nzembi na Magurudumu Yenye Kikohozi

Sasa hivi tu mwanangu Sylus ameingia jikoni na skuta, akaipindua sakafuni karibu na gunia la makaa, akalizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole na kulitegea sikio. Alisikiliza uso umekunjamana kama wa daktari. Kisha akaniambia, "Mama, hili lina kikohozi," akajifuta mikono kwenye shati la shule nililolifua jana, akaenda zake. Hapa shuleni hakuna anayehitaji kuuliza amejifunza wapi mambo hayo.

Amejifunza kwa Mwalimu Nzembi Kitonga, ambaye kesho Ijumaa, tarehe 30 Oktoba, anastaafu baada ya kufundisha miaka ishirini na tisa katika Nasari ya Mbegu Njema, hapa Sofia, Voi. Madam Jedidah, mwalimu mkuu wetu, ameniomba mimi mpishi niandike wasifu wake wa kuwekwa kwenye programu ya sherehe. Walimu wenzake walikataa, kila mmoja na sababu yake, lakini sababu ya kweli tunaijua. Mwalimu Nzembi husahihisha kila anachosoma, hata mabango ya mikutano ya injili. Mimi sina cha kuogopa. Shule niliiachia darasa la nane, na uji wangu bado hajauwekea alama nyekundu.

Alifika Voi akiwa bibi arusi wa Mzee Kitonga, aliyekuwa akifanya kazi reli. Wakati huo Mbegu Njema ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na upepo wa Voi uliingia humo bila hodi ukaondoka na karatasi za watoto. Mwalimu aliwafundisha kuandika huku wamekalia karatasi zilizobaki. Watoto wa siku hizo leo ni wauguzi, ni madereva wa malori, mmoja yuko ofisi kubwa Wundanyi. Mwingine ni Madam Jedidah mwenyewe, aliyefundishwa naye kushika penseli. Mbele ya wazazi Mwalimu Nzembi humwita Madam kwa heshima zote. Wakiwa kwenye korido wawili tu, husikika akimwambia, "Jedi, kaa wima."

Lakini jina lake kubwa halikutoka ubaoni. Lilitoka kwenye skuta.

Skuta zetu ni zile za watoto, za kusimama mguu mmoja na kusukuma kwa mwingine. Zililetwa na Mama Alice, mzazi anayeuza mitumba, aliyezipata Mombasa zimechanganywa na viatu. Hazikuwa na mnunuzi kwa sababu magurudumu yalikuwa yameliwa upande mmoja, kama kisigino cha mtu anayetembea akivuta mguu, na mengine yalikuwa yakichezacheza kwenye bolti. Wengine tuliziona takataka. Mwalimu Nzembi alizipanga kwenye veranda, akazitazama kama darasa jipya, akasema zote zitafaulu.

Tangu siku hiyo, hapa shuleni fundi ni mmoja. Yeye ndiye aliyesema hivyo, na hakuna aliyethubutu kubisha. Seremala akija kutengeneza mlango, yeye humwita yule wa mlango. Wa mabomba ni yule wa mabomba. Siku moja alikuja kijana wa umeme na cheti chake, akajitambulisha kwamba yeye ni fundi. Mwalimu alimpa mkono vizuri, akamkaribisha, halafu akatuambia yule wa taa amefika.

Ufundi wake wote aliufanyia nyumbani kwake Mwakingali, juu ya meza ya kulia. Mzee Kitonga anasema kuna mwaka alikula chakula chake chote magotini kwa sababu mezani kulikuwa na wageni wenye magurudumu. Gurudumu lililoliwa upande mmoja aliligeuza, upande mnene ukakaa pale palipokonda. La mbele alilipeleka nyuma na la nyuma akalileta mbele, akisema mume na mke pia wanatakiwa kubadilishana kazi ili asichakae mmoja. Mzee Kitonga aliposikia hayo aliondoka kwenda kutazama mbuzi, ingawa wakati huo hawakuwa na mbuzi.

Lililolegea alilitikisa kwanza ili kujua kinachocheza ni nini. Kama ni nati, ilikazwa. Kama ni beringi, ule mduara wa chuma wenye golori ndani, ilitolewa, ikaoshwa kwa mafuta ya taa, ikakaushwa juani na kupewa tone la mafuta ya cherehani. Pakibaki nafasi, alitoboa kizibo cha soda katikati, akakigonga kwa nyundo kikalala bapa, akakiingiza hapo kama washa, kile kibati kinachokaa chini ya nati. Ndiyo maana mwalimu huyu hawezi kupita karibu na kioski bila kutazama chini. Watu wa Mwakingali wasiomjua wanadhani ameangusha kitu tangu zamani na hajakata tamaa.

Msifikiri alizaliwa anajua. Mwanzoni hakutumia mafuta ya cherehani. Alitumia mafuta ya kupikia, tena yale mazito, akasema kinacholainisha chapati hakiwezi kushindwa na chuma. Jumatatu skuta zilizunguka kimya kabisa. Jumanne sisimizi wa Sofia nzima walikuwa wamepata habari. Watoto walipopanda, sisimizi nao walipanda, wakaanzia kwenye soksi. Tuliwavua watoto nguo pale pale kwenye veranda, na mgeni mmoja kutoka kanisani aliyekuwa amekuja kuona maendeleo aliuliza hili ni somo gani. Mwalimu Nzembi alimjibu kwamba ni sayansi.

Kitu kimoja alichonifundisha ndicho ninachotaka kibaki kwenye karatasi hii. Alisema gurudumu unalikaza mpaka mwisho, halafu unairudisha nati kidogo. Ukiacha ilivyokaza, gurudumu halizunguki, mtoto anasukuma mpaka analia. Ukirudisha sana, linachomoka. "Kaza, halafu rudisha kidogo. Kavola, Mama Sylus, kavola," ananiambia mpaka leo, na hilo kavola ni la kwao Ukambani, maana yake pole pole.

Niliyaelewa maneno hayo kabla hata sijashika spana, kwa ajili ya Sylus. Alipoanza nasari hakuwa akizungumza na mtu ila mimi, tena kwa kunong'ona, na hakuachia sketi yangu hata nikiinua sufuria. Nilipika uji wa watoto wote huku nikivuta mtoto mmoja nyuma yangu kama mkia. Mwalimu Nzembi hakumlazimisha. Alichukua skuta nyekundu, akayakaza magurudumu mpaka yakawa yanasogea kwa shida, akamweka Sylus juu yake pale mlangoni pa jikoni. Skuta ile isingeweza kumpeleka mtoto mbali na mama yake hata akitaka. Sylus akaipenda kwa sababu hiyo. Wiki iliyofuata Mwalimu alirudisha nati kidogo, na mtoto akafika mtungi wa maji. Akarudisha tena, akafika darasani. Siku moja nilisikia mlio wa gurudumu likipita veranda nzima mpaka getini, na sauti ikipiga kelele kuwaambia wengine wapishe njia. Nilitoka mbio na mwiko nione ni mtoto wa nani mwenye sauti hiyo. Alikuwa wangu. Mwalimu Nzembi alikuwa amesimama pale kwenye nguzo, spana mfukoni, ananitazama. Aliniambia sasa ni zamu yangu kurudishwa kidogo.

Basi mtaelewa kwa nini wengine tuliumia mwaka jana, gurudumu la skuta ya njano lilipochomoka na Wakio wa darasa la watoto wa kati akaanguka akavunjika jino. Lilikuwa jino la utoto na limeshaota lingine, lakini wazazi walikuja juu, na walikuwa na haki. Kamati ikaamua skuta ziuzwe kwa wa vyuma chakavu. Mwalimu Nzembi aliwaeleza wazi kwamba nati ile ilikuwa imefunguliwa na kufungwa mara nyingi mpaka ikachoka kushika, na kwamba aliyetakiwa kuibadilisha ni yeye. Hakumsingizia mtu. Aliomba skuta ziachwe chini ya jicho lake, na kuanzia hapo kila Ijumaa alizibeba zote hadi Mwakingali kwa mkokoteni na kuzirudisha Jumatatu. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Muinde, alikubali, lakini akasema mwisho wake ni siku Mwalimu atakapostaafu. Baada ya hapo, kama hakuna mtu aliyefundishwa kuangalia magurudumu na kuyajua vizuri, skuta zinaondoka.

Nilijitolea mimi. Mwalimu Nzembi alifurahi sana, akanikaribisha kwake kila Jumamosi, na kwa miezi mitatu ya kwanza akanifundisha kushika kitambaa. Nilishika kitambaa, yeye akashika spana. Nikinyoosha mkono, aliniuliza kama nimeshawahi kuonja muthokoi wake wa mahindi na maharagwe, na nilipogeuka kutazama sufuria nati ilikuwa imeshakazwa. Sylus alikula vizuri sana Jumamosi zile. Mimi nilijua vitambaa tu.

Aliyetuokoa ni Mzee Kitonga. Alikuwa amekaa pembeni, sahani magotini kama kawaida, akamwambia mkewe bila kuinua macho, "Mama Mwende, mpe mtoto wa watu hiyo spana. Ama utazikwa nayo?"

Mwalimu Nzembi aliitazama spana, akaifuta kwa kanga yake, akanipa. Halafu akasema anaenda kuangalia jiko, akaenda akasimama dirishani kwa nje, tukawa tunaona kitambaa chake cha kichwa kikipanda na kushuka. Nilikaza, nikarudisha kidogo. Kitambaa kikatulia. Nilirudisha kidogo tena. Kitambaa kikapanda juu kama kimechomwa sindano. Nikajua nimezidisha, nikarekebisha. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa ufundi, na kitambaa cha kichwa.

Leo Alhamisi ndiyo siku ya mwisho. Magurudumu yote nimeyafanya mimi Jumamosi iliyopita, nyumbani kwangu, peke yangu na Sylus. Nati zote zilizochoka nimezibadilisha. Madam Jedidah amesema skuta zikaguliwe moja moja, na hata moja ikicheza, kesho mtu wa vyuma chakavu ataingia kwa geti hili wageni wakitoka. Mkaguzi ni nani? Ni Mwalimu Nzembi. Wazazi wengine walinong'ona kwamba atanipendelea. Hao hawajawahi kufundishwa naye. Mwanawe wa kumzaa, Mwende, alimnyima nyota kwa kuandika herufi ya s ikitazama nyuma.

Kwa hivyo ninaandika mistari hii uji ukichemka, masikio yangu yakiwa nje. Skuta ya Sylus yenye kikohozi ilikuwa na kijiti cha mwiba kilichonasa, nimekitoa sasa hivi, na nimemwambia dokta wangu airudishe kwenye foleni. Namsikia Mwalimu akiinua skuta moja, anatikisa, anazungusha, anategea sikio, anaiweka chini. Sasa ameshika ile ya njano. Najua kwa mlio wa kengele yake. Ameitikisa mara nyingi kuliko zote.

Acha nimalizie wasifu wa watu. Mwalimu Nzembi na Mzee Kitonga wanahamia shamba lao Mbololo, kwenye kunde na mbuzi wa kweli safari hii. Huko anasubiriwa na wilbaro ya Mzee, ambayo gurudumu lake limelegea tangu Mwende akiwa shule ya msingi. Miaka yote hiyo Mzee ameisukuma ikienda upande, akilalamika kwamba mganga hajigangi, na jibu limekuwa lile lile, kwamba watoto kwanza. Mzee, zamu yako imefika. Tunakushauri ukae mbali na dirisha.

Mwalimu, walimu wenzako wanakushukuru kwa kuwasahihisha. Wazazi wanakushukuru kwa watoto waliokuja wakilia na kuondoka wakisoma. Wakio anakushukuru, na amesema niandike kwamba jino jipya ni kubwa kuliko la kwanza. Mimi nakushukuru kwa

Ngojeni, kuna mtu anaita fundi huko nje. Nimechungulia nione kama yule wa mlango amekuja. Hakuna mtu. Veranda ina Mwalimu Nzembi peke yake, ameinua skuta ya njano juu kwa mkono mmoja, gurudumu linazunguka kimya na halitaki kusimama, na macho yake yako kwenye dirisha la jikoni.

"Fundi," ameita tena, "wewe, Mama Sylus. Njoo uchukue spana yako, mkono umechoka."

Nakuja, Mwalimu, nimalize mstari huu mmoja. Kwa niaba ya wote wa Mbegu Njema, wakubwa na wadogo, tunakutakia maisha mema huko Mbololo, maisha yaliyokazwa vizuri, halafu