Kuteremka Kreta kwa Frii

“Toa frii, kaka, usiteremke bila gia! Weka gia namba mbili, injini ilishike gari!” Blandina, dereva wa watalii aliyekaa mbele kama abiria, alikuwa akibishana na Silvanus aliyeshika usukani, tangu tuanze kuteremka kutoka ukingo wa Kreta, lile shimo la volkano lenye wanyama.

“Dada, hii ni dizeli ya Kifaransa, otomatiki. Inateleza kama siagi. Frii inaokoa mafuta.”

“Na breki zikichemka?”

Harufu ya breki kuungua ilikuwa imeshanifikia kiti cha nyuma, nilikompakata mwanangu.

“Gari langu nalijua,” Silvanus akasema. “Anayeogopa ashuke, nyati wanamsubiri.”

“Simama,” nikamwambia. “Nyati nitamwona akija.”

Akasimama huku akicheka. Nikamfunga mwanangu mgongoni, nikashuka. Naanza kutembea kuelekea geti la kutokea hifadhini, wao bado wanabishana.